Kwa nini mtaro wa Magu haukutoa maji: uchambuzi wa kisa kimoja

Shamba lenyewe liko wilayani Magu, kusini mwa Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria, kati ya kilima cha mawe na kijito kinachoingia ziwani. Ni ekari 45, na zaidi ya nusu yake ni mbuga: udongo mweusi wa mfinyanzi ambao kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mkono, na mvua zikikolea nyufa hufumba, maji yakakaa juu yake kwa wiki. Mwenye shamba alitaka kupanda mahindi na alizeti mahali ambapo kila mwaka mahindi yalikuwa yakigeuka manjano kabla ya kufika magotini. Akamwajiri mkandarasi mwenye kijiko kinachoongozwa na setilaiti, akachimbiwa mtaro mkuu wa mita 700, kutoka mguu wa kilima hadi kijitoni.

Kazi ilifanyika mwishoni mwa Septemba. Vuli ilipoanza, mtaro ukajaa maji na kubaki umejaa. Nusu ya chini, iliyo karibu na kijito, ilikuwa karibu tupu. Nusu ya juu ilikuwa bwawa refu la mita 350, na kando yake maji yalianza kuvuka kuelekea majaruba ya mpunga ya jirani.

Niliitwa baada ya mwenye shamba na mkandarasi kushindwa kuelewana. Mkandarasi alikuwa na rekodi ya mashine inayoonyesha kwamba mtaro umechimbwa ndani ya sentimita 3 za mchoro, mwanzo hadi mwisho. Mwenye shamba alikuwa na maji yaliyosimama. Kila mmoja alishika ushahidi wake, na ushahidi wote ulikuwa wa kweli. Naeleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu mashine za namna hii ni nzuri, nazipenda, na sitaki wakulima wa kanda ya ziwa wazikatae kwa kosa ambalo halikuwa la mashine.

Jinsi kijiko kinavyojua kimo

Simu ya mkononi ikisoma setilaiti hukuonyesha mahali ulipo kwa makosa ya mita kadhaa. Kwa kutafuta duka Mwanza mjini inatosha. Kwa kuchimba mtaro haisaidii kitu, kwa sababu kwenye mbuga mteremko wote unaoutegemea unaweza kuwa nusu mita tu. Kwa hiyo kazi ya mitaro hutumia njia iitwayo RTK. Kipokezi kimoja, kituo mama, husimikwa mahali pamoja bila kusogezwa. Kipokezi cha pili kiko juu ya mashine. Vyote viwili husoma setilaiti zilezile, za GPS ya Marekani zilizo juu kiasi cha kilomita 20,200, pamoja na za GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China. Kituo mama, kwa kuwa kimeambiwa kilipo, hukokotoa ni kiasi gani mawimbi ya setilaiti yamepotoka muda huo na kutuma masahihisho kwa redio hadi kwenye mashine. Kwa njia hiyo mashine hujua ilipo kwa kosa la sentimita 1 hadi 2 kwa upande, na kidogo zaidi kwa kimo. Kimo daima ndicho dhaifu, maana setilaiti zote ziko juu yetu na hakuna hata moja chini ya miguu itakayosawazisha hesabu.

Kwenye kijiko kuna pia vihisi vya pembe katika kila kiungo cha mkono, hivyo kompyuta hujua ncha ya bakuli iko wapi hata likiwa limezama ndani ya mtaro. Opereta hutazama kioo: mstari wa mchoro, mstari wa bakuli, na namba inayomwambia bado sentimita ngapi. Hakuna mtu anayehitaji kushuka mtaroni na fito. Kwa siku moja unachimba urefu ambao zamani, kwa vigingi, kamba na leveli ya miguu mitatu, ungechukua sehemu kubwa ya wiki.

Sasa tazama maneno yale: kwa kuwa kimeambiwa kilipo. Kituo mama hakijui kilipo kwa akili zake. Mtu hukiambia. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kukisimika juu ya alama ambayo kimo chake kinajulikana na kuingiza namba hiyo. Ya pili ni kubonyeza kitufe, kikajisomea chenyewe kwa dakika chache na kutwaa wastani. Njia ya pili ni ya haraka, na ukichimba mtaro wote bila kukiondoa kituo haina madhara makubwa, kwa sababu hata kama namba ya kimo imekosea kwa mita nzima, imekosea sawasawa kwa mtaro mzima. Maji hufuata tofauti ya vimo, hayajali namba zenyewe. Lakini ukikizima na kukibonyeza tena siku nyingine, wastani mpya unaweza kutofautiana na wa kwanza kwa sentimita makumi, hata kwa mita.

Sentimita 35

Tulipima sakafu ya mtaro kwa leveli ya kawaida, kila baada ya mita 10, kutoka kijitoni kwenda juu. Nusu ya chini ilikuwa imechimbwa vizuri: mteremko wa 1 kwa 1000, yaani sentimita 10 kwa kila mita 100, kama mchoro ulivyotaka. Nusu ya juu nayo ilikuwa na mteremko uleule, safi kabisa. Ila pale zilipokutana, katikati ya shamba, sakafu ya juu ilikuwa chini ya sakafu ya upande wa kijito kwa sentimita 35. Ngazi iliyogeuzwa.

Hesabu yake ni ya kuumiza. Mita 350 kwa mteremko wa 1 kwa 1000 ni sentimita 35. Kosa lile lilikula mteremko wote wa nusu ya juu, hivi kwamba kichwa cha mtaro chini ya kilima kilikuwa sawa kwa kimo na sakafu ya pale katikati ambapo maji yalipaswa kuendelea. Tone lililoingia popote kwenye mita zile 350 halikuwa na pa kwenda.

Opereta alitueleza kilichotokea, na namheshimu kwa kusema wazi. Walianza kijitoni wakipanda juu, na hivyo ndivyo inavyotakiwa: mtaro huanzia mdomoni ili maji yasikukute njiani. Walipofika katikati ikawa Jumamosi jioni. Kituo mama wakakifunga na kukipeleka kwenye chumba cha kulala wageni kwa kuhofia wezi. Jumatatu kikarudishwa, kikasimikwa karibu na pale kilipokuwa, kikabonyezwa kijisomee chenyewe. Kazi ikaendelea. Opereta aliona sakafu inashuka kwa ghafla mbele ya bakuli, akamwita msimamizi: "Bosi, mbona hapa panazama?" Akajibiwa afuate kioo. Akafuata. Rekodi ya mashine ikaandika kwamba yuko ndani ya sentimita 3, na ni kweli alikuwa ndani ya sentimita 3 za mchoro ulioshushwa mzima mzima na kituo mama.

Hili la kuambiwa afuate kioo linanigusa kuliko kosa la kituo. Yule kijana amechimba mitaro na misingi kwa miaka, jicho lake lilimwambia ukweli, na kilichohitajika kilikuwa mpira wa maji wa kupimia usawa, ambao fundi ujenzi yeyote wa Magu anao kwenye mfuko wa zana. Ukiushika huku na huku pale kwenye ngazi, sentimita 35 zinaonekana bila umeme wala setilaiti.

Kulikuwa na dosari ya pili, ndogo, ambayo nisingeitaja kama isingekuwa inatuhusu sisi wa huku kuliko wengine. Kwenye nusu ya chini palikuwa na kipande cha mita kama 60 ambacho sakafu yake ilikuwa na mawimbi, juu chini, juu chini, kwa sentimita kadhaa. Opereta alikumbuka: kipande hicho walikichimba usiku kwa taa, wakikimbizana na mvua, na kioo kilikuwa kikipoteza masahihisho mara kwa mara. Msimamizi alidhani ni redio. Kwa maoni yangu ilikuwa anga. Katika nchi za ukanda wa ikweta, jua likishazama, tabaka la juu la anga lenye chembe za umeme huvurugika, na mawimbi ya setilaiti yakipita humo hutetemeka hadi kipokezi hushindwa kuyashika. Huanza saa moja au mbili usiku na kuendelea mara nyingi hadi usiku wa manane, na hukolea miezi inayozunguka Machi na Septemba, hasa miaka ambayo jua lenyewe lina shughuli nyingi. Mkulima wa Ulaya anaweza kulima usiku kucha kwa mashine hiyohiyo bila kuona tatizo. Sisi msimu wetu wa kuchimba, baada ya kiangazi na kabla ya vuli, unaangukia palepale.

Maji yanatoka wapi

Mkandarasi alikubali kosa la kituo na kuahidi kurudi kusawazisha. Mwenye shamba akaridhika. Ningeweza kufunga kazi hapo, na nadhani mtaro ungekuwa umenyooka na shamba bado lina maji.

Mzee wa shamba la jirani, mwenye majaruba yaliyokuwa yakifurika, ndiye aliyetuelekeza. Baada ya shikamoo na marahaba alinichukua mpaka juu, mguuni pa kilima, akachoma ardhi kwa fimbo. Juu palikuwa na mchanga, lakini chini kidogo fimbo ikatoka imelowa. "Mwanangu, maji haya hayazaliwi kule mbugani," akasema. "Yanashukia hapa."

Wasukuma wana majina ya udongo kufuata mteremko, na majina hayo ni ramani ya maji. Juu, chini ya mawe ya matale, ni luseni, mchanga unaokunywa mvua kwa haraka. Katikati kuna itogolo, udongo mgumu wenye tabaka chini lisilopitisha maji. Bondeni ni mbuga. Miaka ya 1930 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa Amani kule Tanga, aliandika kuhusu mpangilio wa namna hii wa udongo unaofuatana kwenye mteremko, na wazo lake likaingia katika vitabu vya udongo duniani kote. Wakulima walikuwa wakilima kwa kuufuata kabla hajafika. Mvua inayonyesha kilimani huzama kwenye luseni, hugonga tabaka gumu, hutembea chini kwa chini na kuibukia pale mchanga unapokutana na mfinyanzi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maji yaliyokuwa yakiua mahindi hayakuwa mvua ya mbugani. Yalikuwa mvua ya kilimani iliyochelewa njiani.

Mtaro ule wa mita 700 ulishuka moja kwa moja na mteremko, ukigusa mstari huo wa mchipuko mahali pamoja tu. Kilichohitajika kwanza kilikuwa mtaro wa kukinga: wa kina kifupi, unaokata kando kwa kando mguuni pa kilima, ukiyapokea maji kabla hayajaingia mbugani.

Ndani ya mbuga yenyewe, kuchimba kirefu hakukuwa na faida kubwa. Mfinyanzi ule ukishalowa huvimba na kufunga, maji hayapiti ndani yake kuelekea mtaroni kama yanavyopita kwenye mchanga. Lazima yatiririke juu ya ardhi. Na hapo tukaona jambo ambalo rekodi ya mashine isingelionyesha kamwe: udongo uliochimbwa ulikuwa umelundikwa upande wa shamba, tuta moja refu la kufika kiunoni, bila mwanya hata mmoja. Maji ya shambani yaliyotaka kuingia mtaroni yaligonga ukuta uliojengwa na kijiko chenyewe. Mashine iliambiwa ichimbe hadi wapi. Hakuna aliyeiambia udongo uende wapi.

Kisha kuna mdomo. Kijito kile kinaishia ziwani, na ziwa letu halikai kimo kimoja. Mwishoni mwa 2006 lilikuwa limeshuka sana. Mei 2020 kipimo cha kimo cha ziwa kule Jinja, Uganda, kilisoma mita 13.42, sentimita moja juu ya rekodi ya Mei 1964, karibu mita 3 juu ya ile hali ya 2006. Mei 2024 likapita hata hapo. Wakazi wa mwambao wanakumbuka mialo iliyozama na nyumba zilizohamwa. Mdomo wa mtaro ulipangwa kwa kutazama kijito mwezi Septemba, kikiwa chembamba. Mwaka ambao ziwa limejaa, maji ya kijito husukumwa nyuma, mdomo huzama, na sehemu ya mwisho ya mtaro haitoi kitu hata ikichimbwa kwa usahihi wa nywele. Kuuchimba zaidi ni kuyaalika maji ya kijito yaingie shambani. Na huwezi kuusogeza mbele, kwa sababu kutoka hapo hadi ziwani ni mafunjo, ambayo huchuja tope na mbolea kabla hazijafika ziwani, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Sheria hiyo ningeitetea hata kama isingeandikwa.

Kilichofanyika

Tulikaa pamoja, mwenye shamba, mkandarasi, mzee jirani na mwenyekiti wa kitongoji. Mapendekezo mawili ya mwanzo yalikataliwa. Kushusha nusu ya chini kwa sentimita 35 kungezamisha mdomo kwenye kijito. Kujaza nusu ya juu kwa mpigo mmoja kungeacha udongo wa mabonge ambao ungezama mvua ya kwanza.

Kwanza ukachimbwa mtaro wa kukinga, na kijiko kilekile, opereta yuleyule. Safari hii kituo mama kilisimikwa juu ya mwamba. Hili nalisisitiza kwa sababu kigingi kilichokuwa kikitumika mwanzoni kilipigwa mbugani, na udongo wa mbuga wenyewe hupanda ukilowa na kushuka ukikauka, kwa sentimita kadhaa. Alama ya kimo juu ya udongo wa namna hiyo haifai hata ukiimwagia zege. Mkoa wa Mwanza haukosi mawe. Tulitoboa jabali lililo kilimani, tukapiga msumari wa chuma, tukaupaka rangi, tukaupa kimo, na kila asubuhi kituo kikaingiziwa namba hiyohiyo. Msumari wa pili ulipigwa kwenye jabali lingine. Kabla ya kuchimba, bakuli la kijiko liliguswa juu ya alama hiyo ya pili na kusomwa. Kioo kikitofautiana na namba iliyoandikwa kwa zaidi ya sentimita 3, hakuna kuchimba. Zoezi hili huchukua dakika chache. Saa 12 jioni mashine inazimwa.

Mtaro wa kukinga ulipewa mteremko mdogo ukiishia kwenye njia pana ya nyasi, kwa sababu itogolo ukimwagiwa maji ya kasi hukatika na kuwa korongo, na makorongo ya Usukumani yanatosha.

Nusu ya juu ya mtaro mkuu ilijazwa kwa tabaka nyembamba, kila moja ikivunjwa mabonge, kunyunyiziwa maji na kukanyagwa na minyororo ya kijiko. Hatukuirudisha sentimita zote 35 kwa urefu wake wote. Tulikubali sakafu yenye mteremko mdogo kuliko mchoro, na kuta zikalazwa, mita 1.5 kwenda kando kwa kila mita 1 ya kina, maana kuta za wima kwenye mfinyanzi unaopasuka huporomoka msimu wa kwanza. Tuta la udongo lilisambazwa shambani, na pale lilipobaki likafunguliwa mianya.

Sehemu iliyotuchukua muda mrefu zaidi ilikuwa mazungumzo na mzee. Mpunga wake unayataka maji ambayo mahindi ya jirani yake yanayakimbia, na baada ya mpunga hupanda dengu kwa unyevu unaobaki mbugani. Mtaro ukinyonya kila kitu, dengu hakuna. Haki yake ilikuwa wazi kwangu: alikuwa pale kabla ya kijiko. Njia ya nyasi ikaelekezwa ipite upande wa juu wa majaruba yake, na kukawekwa lango la mbao analoweza kulifungua akihitaji maji na kulifunga yakizidi. Ekari za mwisho karibu na kijito, ambazo ziwa likijaa haziokoleki, mwenye shamba alikubali kuziacha kwa mpunga na dengu na kuacha kuzipigania kwa mahindi.

Masika yalipokuja, maji ya mbugani yaliondoka kwa siku chache, mahali ambapo zamani yalikaa wiki. Kipande kimoja cha mtaro wa juu, pale palipojazwa, kilizama kidogo na bado hushika maji ya kufika kwenye vifundo. Mahindi upande wa kilima yalifika kimo cha mtu. Lango la mzee lilibomolewa na mvua moja kubwa ya Aprili, likajengwa upya kwa zege, na mkandarasi ndiye aliyelipia saruji.

Kiangazi kinachofuata mtaro utapimwa tena kutoka kwenye misumari ile ya jabalini, kabla ya kugusa kipande kilichozama, kwa kuwa udongo uliojazwa huenda haujamaliza kushuka na kuusawazisha mapema kutakuwa kazi ya bure.